Madoa meupe kwenye akwariamu: mbona hayaishi?

Ukifika msimu wa baridi, Juni Julai hivi, Mwanza usiku unapoa, basi mimi simu haziishi. Swali lenyewe ni lilelile: samaki wangu wana vidoadoa vyeupe kama wamenyunyiziwa chumvi, nimetia dawa siku tatu vikaisha vyote, wiki haijapita vimerudi vingi kuliko mwanzo, au nimeuziwa dawa feki? Feki zipo sawa, lakini mara nyingi dawa haina kosa, ni wewe umeacha kutibu siku ileile ambayo kazi ndo inaanza.

Huyo mdudu kitaalamu anaitwa Ichthyophthirius multifiliis, ni kimelea cha seli moja tu. Kile kidoa unachokiona ni yeye kajichimbia kwenye ngozi ya samaki anakula, na pale alipo dawa ya kwenye maji haimgusi. Akishiba anatoka mwenyewe, anadondoka chini, ananata kwenye changarawe au jani au hata kioo, anajifunga kwenye kifuko na humo ndani anaanza kugawanyika, mmoja anatoa mamia, wakati mwingine wanakaribia elfu. Kwenye kifuko nako dawa haipenyi. Halafu kifuko kinapasuka, vitoto vinasambaa kwenye maji kutafuta samaki, na visipompata ndani ya kama siku mbili vinakufa, basi. Hapo tu, vikiwa vinaogelea, ndo dawa au chumvi inaviua.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Madoa yamepotea kwa sababu wadudu wameshuka chini kuzaana, wewe unashangilia, unabadilisha maji, unarudisha filta, umemaliza. Kumbe umewaachia njia.

Kuna watu wanasema huyu mdudu yupo tu kwenye maji yote siku zote, anasubiri samaki apate stresi. Hilo silikubali. Bila samaki hana maisha, kwa joto la maji ya huku kwetu, nyuzi 24 mpaka 27 hivi, tangi likikaa wiki nzima halina samaki hata mmoja anakuwa ameshakwisha. Anachofanya ni kujificha kwa samaki wa zamani. Samaki aliyewahi kuugua akapona anapata kinga, anaweza kubaki na wachache kwenye mashavu ambako huoni kitu, yeye mzima kabisa, halafu unaleta mgeni asiye na kinga au baridi inawashusha wote nguvu, ndo unaona mlipuko. Kwa hiyo baridi haileti mdudu, mdudu ulimleta wewe.

Na mimi nimewahi kumleta. Nilipata furu wawili, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa kwenye mawe, wazuri, ndugu zake yule furu anayeitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu ambaye wazungu wanamfuga mpaka kwao, nikawatupia tangini jioni ileile, na kijavu nilichowashikia nikakitumia kwenye matangi mengine mawili kikiwa kimelowa. Ndani ya siku kumi matangi yote matatu yalikuwa meupe.

Siku hizi mgeni anakaa peke yake kwenye beseni kubwa wiki tatu, na kijavu chake na mpira wake wa kunyonyea maji. Vifaa nakausha juani mpaka vikauke kabisa, ukavu unamuua. Majani ya ziwani, konokono, hata maji yenyewe ya ziwani uliyochota kwa ndoo, viache wiki moja bila samaki kwanza.

Kama ameshaingia, chumvi ya kawaida inafanya kazi, gramu 2 kwa lita, yaani tangi la lita 100 ni gramu 200, pima kwa mizani ya dukani usikisie kwa kiganja, na igawe uiweke kidogokidogo ndani ya siku nzima. Majani ya humo yanaweza kufa, yatoe. Maji yakipungua kwa kukauka ongeza maji matupu, maana chumvi haiendi na mvuke, chumvi unaongeza kwa kiasi cha maji uliyoyatoa tu. Kila siku nyonya uchafu wa chini, vifuko viko huko. Kama una hita panda polepole mpaka nyuzi 28 au 30 ili mzunguko uende haraka, ila ongeza hewa kwa sababu maji ya moto yana oksijeni kidogo, na umeme wetu unaujua, ukikatika usiku pampu imesimama samaki watakuwa juu wanahema. Halafu endelea wiki nzima baada ya doa la mwisho kupotea, hata kama wanaonekana wazima.

Ile dawa ya malakaiti grini inayotumika kutibu madoa haya usiitie kwa sato au kambale wa kula, kwa samaki wa chakula hairuhusiwi nchi nyingi. Mwenye bwawa amwone afisa uvuvi kabla hajamwaga chochote.

Na uangalie vizuri kabla hujaanza. Kuna mzee alitibu goldifishi wake mwezi mzima, vidoa havitoki, vimejipanga kwenye vifuniko vya mashavu tu na samaki anakula vizuri. Nikamwambia mzee wangu, huyo ni dume, anataka jike.