Jinsi ya kuwa nesi wa diploma Uganda, kuanzia makaratasi mpaka leseni

Habari zenu wandugu. Mimi ni nesi, kazi yangu iko kwenye kituo cha afya huku Isingiro, na karibu kila wiki anakuja kijana wa Nakivale, makazi ya wakimbizi ya huku, na bahasha ya makaratasi ananiuliza, sista nianzie wapi? Basi leo nimekaa niandike yote mara moja.

Hatua ya 1: jua unaingilia mlango gani. Ukitoka S4 (kidato cha nne) unaweza kusoma cheti cha unesi, miaka miwili na nusu. Ukitoka S6 (kidato cha sita) unaingia diploma moja kwa moja, miaka mitatu. Na yule wa cheti ambaye ameshafanya kazi anaweza kurudi shule mwaka mmoja na nusu akapata diploma, hiyo ndio watu wanaita ekstensheni, kwa hiyo kama pesa ya nyumbani ni kidogo usione aibu kuanzia kwa cheti. Ila diploma ndio inakufanya rejistadi (nesi wa daraja la juu kuliko wa cheti), na kwenye ajira za serikali wa cheti anaingia kwa skeli ya mshahara ya U7, wa diploma U5 ambayo iko juu, hapo mshahara unatofautiana sana. Masomo wanayoangalia ni Bayolojia na Kemia, na zile pasi zako za S4 za Fizikia, Hesabu na Kiingereza bado zinahesabiwa hata kama una S6 nzuri.

Hatua ya 2 ni makaratasi na hapa naomba msome polepole. Mimi S4 niliandikwa majina mawili, S6 matatu, na moja limekosewa herufi. Nikaona ni kitu kidogo. Nilipoitwa kwa intavyu wakaniambia hawa ni watu wawili, nikaanza kuzunguka kwa wakili kutafuta karatasi ya kiapo, mpaka naipata inteki (kupokea wanafunzi wapya) imefungwa, mwaka mzima nikakaa nyumbani nauza nyanya na mama. Kwa hiyo leo hii toa slipu zako zote za matokeo na kitambulisho, weka mezani, soma herufi kwa herufi. Mliosoma Kongo, diploma yenu ya serikali (ile ya kumaliza sekondari) itafsiriwe kwanza kwa Kiingereza, halafu ipelekwe UNEB, bodi ya mitihani ya taifa, Kampala wailinganishe na S6 ya hapa. Msingoje tangazo la shule litoke ndio mkimbie UNEB.

Hatua ya 3: kagua shule kabla hujalipa hata shilingi moja. Shule za serikali zinajulikana, Mulago, Jinja, Masaka, Kabale, Soroti, na za misheni kama Lubaga, Nsambya na Mengo. Za watu binafsi ni nyingi, nyingine nzuri sana, lakini uliza hivi: mmeruhusiwa kufundisha DIPLOMA au cheti tu? Maana shule inaweza kuwa halali kwa cheti na diploma haina kibali. Usiridhike na jibu la anayekusajili getini, uliza Baraza la Manesi na Wakunga, UNMC. Rafiki yangu alisoma miaka miwili pahali hivyo, ada yote kalipa, siku ya kujiandikisha mtihani jina lake halipo. Alilia mpaka sisi tukalia.

Ukishaingia, dai indeksi namba yako (inayokutambulisha kama mwanafunzi wa unesi) mapema. Bila hiyo mtihani wa taifa hufanyi (zamani ulikuwa wa bodi ya UNMEB, sasa ni bodi mpya ya mitihani, UHPAB).

Hatua ya 4, wodini. Darasani utasoma anatomia, magonjwa, upasuaji, watoto, afya ya akili, afya ya jamii, na utaandika utafiti wako mwenyewe. Lakini unesi unaupata kitandani kwa mgonjwa. Fika mapema kabla zamu ya usiku haijaondoka, sikiliza wanavyokabidhiana. Pima presha kwa mikono yako, usiandike namba ya jana. Dawa soma jina lake ukiitoa, ukiipima, na kabla ya kumpa mgonjwa, mara tatu, hata kama inchaji (mkuu wa wodi) anakuharakisha. Na logibuku (daftari la kazi ulizofanya wodini) isainiwe siku ile ile, ukisema kesho utakuta inchaji amehamishwa na kazi uliyoifanya haina shahidi. Mtihani wa vitendo unakutaka ufanye mbele ya macho yao, aliyekuwa anajificha ofisini anaonekana tu, mikono inatetemeka.

Hatua ya 5: ukifaulu bado hujawa rejistadi. Chukua matokeo na cheti chako, nenda UNMC ujisajili, kisha uombe leseni ya kufanya kazi. Hivyo ni vitu viwili, kusajiliwa ni mara moja, leseni unaifanya upya kila miaka mitatu na wanataka waone umeendelea kujifunza, kwa hiyo kila semina unayohudhuria tunza karatasi yake. Usishike sindano kwa kliniki ya mtu kabla leseni haijatoka, hata akikuahidi pesa nzuri, mgonjwa akidhurika utajibu wewe.

Wenye slipu zenye majina tofauti niandikieni kwanza zinatofautiana wapi, nitawaambia mimi niliandika nini kwenye kile kiapo.