Dakika Tano, Ndoo na Ngazi: Kurudisha Nguvu Baada ya Matibabu ya Moyo

Mgonjwa wa moyo akirudi nyumbani, familia humvuta huku na huku. Shangazi anataka alale kutwa nzima asiguse kitu. Mwenyewe, ikifika siku ya nne anajisikia mzima, anainamia ndoo. Yote mawili yanamrudisha nyuma. Kulala mno hudhoofisha misuli, huacha makohozi yatuame kifuani na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Lakini tunaihofia zaidi ile siku ya kujisikia vizuri, maana maumivu yamepoa ilhali mfupa na mshipa bado havijapona, na kesho yake mtu anashindwa hata kuoga.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kiasi cha leo kiwe kimeandikwa daftarini tangu jana. Ukiamka vibaya, punguza. Ukiamka vizuri, usiongeze.

Hatua ya 1: Jua ulichofanyiwa

Watu husema tu "nimefanyiwa moyo", na hapo ndipo makosa huanzia. Waliozibuliwa mishipa na kuwekewa stenti (kibomba kidogo cha wavu kinachouweka mshipa wazi) kwa tundu dogo hawana mfupa uliokatwa. Kama tundu lilipita kwenye kifundo cha mkono, mkono huo usibebe mzigo kwa siku kadhaa. Kama lilipita kinenani, kwa takriban wiki 1 epuka kubeba vizito, kukimbilia ngazi na choo cha kuchuchumaa, kwa kuwa mkunjo wa paja hukandamiza na kuvuta pale pale mshipa unapojiziba. Hapo kiti chenye tundu juu ya choo husaidia sana. Aliyepata shambulio la moyo kabla ya stenti aende taratibu zaidi kuliko aliyewekewa kwa miadi.

Waliofunguliwa kifua wana mfupa wa kidari uliopasuliwa na kufungwa kwa waya. Mfupa huo hupona kama mguu uliovunjika, wiki 6 hadi 12. Waliowekewa betri ya moyo (kifaa kidogo cha kurekebisha mapigo) wasiinue kiwiko juu ya bega la upande huo kwa wiki 4 hadi 6, lakini bega lenyewe lisogezwe kila siku lisije likakaza.

Kabla ya kutoka wodini, iwe ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili au kwingineko, uliza mambo matatu na uyaandike: nibebe kilo ngapi na mpaka lini? Mapigo yangu yasizidi mangapi? Dawa gani kati ya hizi inashusha mapigo? Majibu ya daktari wako yanatangulia takwimu zote za hapa.

Hatua ya 2: Vipimo vya asubuhi

Kabla ya chai, ukiwa umekaa dakika 5 bila kuzungumza, hesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa sekunde 60. Pima presha kama una mashine. Pima uzito baada ya haja ndogo, ukiwa na nguo zile zile. Mapigo yakipita 100 ukiwa umetulia, namba ya juu ya presha ikifika 180, au ukiwa na homa, usitoke kutembea, pigia kliniki. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji yanayojaa mwilini, wala si ugali. Kliniki ijue siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kutembea

Kwa aliyefunguliwa kifua, ratiba inayofaa ni hii: wiki ya 1 nyumbani, dakika 5 mara 3 au 4 kwa siku, kwenye tambarare. Wiki ya 2, dakika 10 mara 2 au 3. Wiki ya 3, dakika 15 mara 2. Kisha ongeza dakika 1 au 2 kila baada ya siku 2, hadi ufikie dakika 30 kwa mkupuo mmoja kwenye wiki ya 6. Mwenye stenti asiye na shambulio mara nyingi hufika huko mapema zaidi.

Kosa la kawaida ni kusahau kurudi. Dakika 10 ni 5 za kwenda na 5 za kurudi. Mtu wa Kimara, Dar es Salaam, hushuka mteremko kwa raha, kisha mlima unamngoja wakati nguvu zimekwisha. Anza kwa kupanda, urudi ukishuka. Kama mtaa wote ni mlima, zunguka nyumba. Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco vina upepo mzuri, ila darajani hakuna njia ya mkato: ukichoka katikati, lazima uumalize mwendo. Viache mpaka dakika 20 ziwe rahisi.

Dakika 3 za mwanzo na 3 za mwisho ziwe za polepole sana; zile 5 za wiki ya 1 ziwe za polepole zote. Ukikatisha mwendo ghafla, damu hubaki miguuni, presha inaporomoka, na anayetumia dawa za presha huona giza.

Kasi ijulikane kwa mdomo. Uweze kusema sentensi nzima bila kuikata, lakini ushindwe kuimba. Ukiweza kuimba ubeti, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa kumjibu jirani salamu zake zote, punguza. Wiki za mwanzo mapigo yasipande zaidi ya 20 hadi 30 juu ya yale ya kukaa. Kwa wanaotumia dawa za kushusha mapigo kama bisoprololo, atenololo au kavedilolo, mapigo hayapandi sawasawa hata wakijichosha, kwa hiyo wategemee pumzi kuliko saa ya mkononi.

Joto la Dar lihesabiwe kama mzigo. Mwili ukipata joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, moyo unaongeza kazi hata kabla hujapiga hatua, na kwenye unyevu huu jasho linatiririka bila kukauka. Desemba hadi Machi tembea kati ya saa 12 na saa 1 na nusu asubuhi. Jioni lami bado inatoa moto, subiri kivuli. Siku za mvua za masika tumia baraza au korido. Baada ya kula ngoja saa 1 hadi 2. Aliyewekewa kikomo cha maji asikivuke kwa sababu ya jasho, afupishe matembezi.

Hatua ya 4: Kazi za nyumbani

Hapa ndipo vidari vingi huachia. Vituo vingi humwekea aliyepasuliwa kifua kikomo cha kati ya kilo 2 na 5. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hivyo ndoo ya lita 20 inapita kikomo mara 4 au zaidi, na dumu la lita 5 lenyewe liko mpakani. Gawa maji kwenye chupa za lita moja na nusu. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 unazidi kilo hizo, maana chuma chake nacho kina uzito.

Viwiko vikae karibu na mbavu. Hatari kubwa ni kusukuma au kuvuta huku mikono ikiwa mbali na mwili: kusonga ugali, kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua mashuka, kusukuma geti la chuma, kuning'inia kwenye bomba la daladala. Kwenye mwendokasi omba kiti, ueleze kwa nini. Bodaboda iache kabisa. Anayeswali aswalie kwenye kiti, kwani kwenye sijida na wakati wa kuinuka mikono hubeba uzito wa kiwiliwili.

Kutoka kitandani: lala ubavu, shusha miguu, uinuke miguu ikikuvuta kwa uzito wake. Ukikohoa, kumbatia mto kwa nguvu. Usizuie pumzi unapoinua kitu au ukiwa chooni; toa pumzi wakati wa kujikaza. Papai husaidia choo kuwa laini.

Kazi nyepesi ifuate mapumziko, na mapumziko yafuate kazi. Kuchambua mchicha ukiwa umekaa, kisha nusu saa ya utulivu, kisha kuoga. Wageni wa kutoa pole nao ni kazi. Kuzungumza saa 2 mfululizo humchosha mgonjwa kuliko matembezi. Mwenye nyumba awe na ujasiri wa kusema, "Tunamwacha apumzike."

Tendo la ndoa hurudi pale unapoweza kupanda ngazi za ghorofa 2 bila kuhema wala maumivu. Dawa za nguvu za kiume zisichanganywe kamwe na dawa ya kifua kubana inayowekwa au kupulizwa chini ya ulimi: presha inaweza kuanguka kwa kiwango cha kuua.

Hatua ya 5: Kusoma kesho yake

Uchovu wa haki huisha ndani ya saa 1. Ukiamka bado umechoka, jana ulizidisha. Rudi kwenye kiasi cha siku 2 zilizopita. Ukikosa siku 3, anza na nusu.

Simama mara moja ukihisi kifua kubana, maumivu kupanda taya au mkono, jasho baridi, kizunguzungu au moyo kurukaruka. Kaa chini; kama ni kifua kubana au maumivu, tumia dawa ya chini ya ulimi kama umeandikiwa. Hali isipotulia ndani ya dakika 5, ni hospitali, hata kama foleni ya Morogoro Road inatisha. Jirani mwenye gari awe ameshaombwa kabla. Kidonda cha kinenani kikivuja damu, lala chali, mtu akikandamize kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia. Kisipokoma, au kikitoka kwa kasi, hospitali huku amekandamiza. Kidari kikigonga au kuchezacheza unapogeuka, usingoje tarehe ya kliniki.

Wiki 12 zikipita na daktari akithibitisha kidari kimeunga, rudi kwenye ndoo kwa lita 3 kila mkono, wiki ijayo 5, kisha 7, pande zote mbili zikiwa sawa ili mgongo na kifua visipinde. Ile ya lita 20 ibebwe na kijana wa nyumbani kwanza.