Kutoa Mtandao wa Vitundu Kwenye Picha ya Jiwe la Tumbawe

Nyumba kongwe za Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na maji ya chumvi hupanda ukutani kupitia vitundu vya mawe hayo. Anayetaka kukadiria maji yanavyopita anahitaji mtandao: kila kitundu na ukubwa wake, na kila shingo inayokiunganisha na jirani yake. Mtandao huo hutolewa kwenye picha ya eksirei ya pande tatu. Kazi huharibika mapema, kabla hata programu haijafunguliwa.

Usimegue kipande kwenye magofu ya Kaole; hiyo ni mali kale. Tafuta jiwe la nyumba iliyokwisha kubomolewa. Kata silinda yenye kipenyo cha milimita 10 na uiwekee alama ya upande ambao tumbawe lilikuwa likikulia. Loweka kwenye maji baridi, ukiyabadilisha, mpaka tone la nitrati ya fedha lisitie weupe kwenye maji ya kulowekea. Maji ya bomba nayo huwa na kloridi, kwa hiyo suuza za mwisho zifanye kwa maji yaliyokenekwa. Hatua hii haina mkato: chumvi ina densiti ya gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo, na kalsaiti, madini ya jiwe hilo, 2.71, hivyo kwenye picha chumvi huchukua kijivu kinachokaribia cha jiwe na kitundu kilicho wazi huonekana kimezibwa.

Lipime jiwe likiwa limeshiba maji, kisha likiwa limening'inizwa ndani ya maji, kisha likaushe kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike tena. Uzito wa kushiba toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito wa kushiba toa uzito wa ndani ya maji: hiyo ndiyo sehemu ya uwazi, yaani kiasi cha jiwe kilicho tupu. Itunze namba hii, ndiyo shahidi wako.

Skana ya eksirei yenye pikseli 2,000 kwa upana itakupa vokseli (nukta ya picha ya pande tatu) ya mikromita 5 hivi. Kata kingo za picha, kisha, ili kuondoa chengachenga, pitisha chujio la mediani (kila vokseli hupewa thamani ya katikati ya jirani zake) lenye nusu kipenyo kisichozidi vokseli 2. Likizidi hapo, shingo nyembamba hufutika.

Sasa tenganisha jiwe na uwazi. Mbinu ya Otsu, inayochagua yenyewe kiwango cha kijivu cha kutenganishia, ni mahali pa kuanzia tu, wala usiiamini kwa macho yaliyofumba. Shingo yenye upana wa vokseli 3 ikipoteza moja, maji yanayopita hubaki kama sehemu moja ya tano, maana mtiririko hufuata nusu kipenyo kwa kipeo cha 4. Fungua vipande kadhaa vya picha, weka mstari wa mpaka juu ya picha asilia, na uangalie shingo, si vitundu vikubwa. Hesabu uwazi uliounganika: ukizidi ule wa mizani, umekuwa mkarimu mno, umehesabu jiwe kuwa uwazi. Ukipungua kiasi ni kawaida, kwa kuwa vitundu vidogo kuliko vokseli havionekani.

Kwenye PoreSpy, maktaba ya Python ya kuchambua picha za vitundu, tumia snow2, amri inayotoa mtandao. Kwenye picha unayoipa, vokseli za uwazi lazima ziwe True na za jiwe False. Ukigeuza, utapata mtandao wa jiwe badala ya vitundu, na programu haitalalamika. Andika voxel_size=5e-6, la sivyo vipenyo vitatoka kwa vokseli badala ya mita.

Jaribu kwanza mchemraba wa vokseli 500 kila upande, lakini uwe wa kurekebisha mipangilio tu: ni milimita 2.5, na tundu moja la tumbawe laweza kumeza sehemu kubwa yake. Matundu marefu kama mrija hukatwakatwa kuwa vitundu vingi vya uongo, vyenye shingo pana karibu sawa na vitundu vyenyewe. Ukiviona, ongeza r_max (nusu kipenyo cha eneo la kutafutia vitovu vya vitundu) kutoka 4 hadi 6, kisha sigma (kiasi cha kulainisha picha) kidogo kidogo kutoka 0.4. Ukizidisha, vitundu halisi huungana.

Ondoa vitundu visivyounganika kabla ya kupeleka mtandao OpenPNM, programu ya kukokotoa mtiririko ndani ya mtandao, kwani mahesabu hukwama hapo. Kisha kokotoa upenyezaji (jinsi jiwe linavyoruhusu maji kupita) kwa mielekeo yote mitatu na uandike kila jibu peke yake, ukionyesha ni lipi linalofuata alama uliyoweka kwenye silinda.