Uchovu wa imani: anza na chakula na usingizi

Mkristo aliyechoshwa na shinikizo la kazini au la nyumbani asiamue usiku huohuo kuacha ibada wala utumishi wake, bali kwanza ale na alale. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya alipomkimbia malkia Yezebeli, aliyetaka kumwua, na kuomba afe chini ya mretemu (mti mdogo wa jangwani), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kabla ya safari ndefu ya kwenda mlima Horebu. Mkristo huyo naye akishapumzika, na asome Zaburi ya 13, ambayo ni fupi na haifichi manung'uniko, halafu amweleze hali yake mzee wa kanisa anayejua kutunza siri (si wote wanaoweza), na wapange kusali pamoja kila juma.