Fundi paa na fundi umeme hawakati bima moja

Wakuu, Dodoma sasa hivi kila upande ni saiti, Mtumba, Nala, Iyumbwa, Nzuguni, kazi zipo. Ila ikija habari ya bima wengi tunaenda kwa wakala tunasema "nipe ile ya makandarasi", tunapewa karatasi, tunaipandisha NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa ajili ya tenda, na hakuna anayeisoma tena mpaka ukuta udondoke. Kabla hujauliza bei jiulize hivi: kazi yangu ikiharibika itaharibu nini, mali ya nani, na itaharibika nikiwa bado saiti au nikishaondoka?

Anza na watu wako maana hapo hakuna mjadala. WCF, yaani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, ni lazima kwa kila mwajiri Bara, unachangia asilimia 0.5 ya mishahara na hiyo hela unatoa wewe, usimkate saidia fundi. Lakini WCF ni ya mfanyakazi. Mtoto wa jirani akiangukiwa na tofali hayumo, na wewe bosi unayepanda mirunda na vijana wako, kama biashara ni jina lako tu, usijihesabu kwamba umo, kata bima ya ajali binafsi pembeni.

Sasa kama unajenga jengo zima, msingi mpaka bati, unayoitaka ni CAR, yaani bima ya hatari zote za ujenzi. Inashika kazi inayoendelea, materio yaliyopo saiti, na kuna kipengele cha watu wa nje wakiumia au mali zao zikiharibika. Hapa watu wanaumia kwenye thamani. Kazi ni milioni 200, wewe ili ulipe premiamu (ada ya bima) ndogo unaandika 100, upepo unang'oa kenchi na bati za milioni 20, mahesabu ya kampuni ya bima yatakuwa umekatia nusu basi unalipwa nusu, milioni 10, halafu wanatoa na kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe. Kwa hiyo andika thamani yote, pamoja na materio aliyoleta mteja. Na tarehe! Kazi ikichelewa, ongeza muda kabla bima haijaisha, huku kwetu mvua ni Desemba mpaka Aprili na ukichelewa miezi miwili unaweza kujikuta umeangukia humo, korongo lililokuwa kavu mwaka mzima linapita katikati ya saiti yako.

Fundi umeme na fundi bomba, CAR peke yake haiwatoshi kabisa. Madhara yenu yanakuja baadaye. Chukulia umeunga bomba la plastiki la PPR juu ya dari la gypsum, ukapima presha, ukakabidhi, baada ya miezi mitatu maungio yanaachia usiku mwenye nyumba yupo Dar, dari lote linashuka juu ya makochi. CAR ilishafungwa siku ya makabidhiano, au imebaki ile sehemu ndogo ya kipindi cha matazamio, cha kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi. Nyie mnahitaji bima ya dhima, ile inayolipa hasara uliyowasababishia wengine, inayoendelea kazi ikishaisha, na swali la kumbana nalo wakala ni hili: "nikishakabidhi, bado mnanilinda?" Akijibu ndio, akuonyeshe mstari wenyewe. Na mjue italipa dari na makochi, yale maungio uliyokosea unarudia kwa hela yako.

Wa welding na wa paa, soma masharti ya moto na ya kufanya kazi juu. Mara nyingi kampuni za bima zinataka mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mtu abaki akiangalia baada ya kuchomelea. Cheche ikiingia kwenye godoro wakati mtungi uko stoo, usitegemee cheki.

Wachimbaji wa misingi, mitaro na makaro ndio nawaonea huruma zaidi, kwa sababu bima nyingi zinatoa nje ufa wa ukuta wa jirani unaotokana na kuchimba karibu yake, mpaka uombe kipengele hicho kiongezwe. Tena wanaweza kukuuliza kama ulitafuta ramani ya mabomba na nyaya kabla kijiko hakijashuka, kwa hiyo pita DUWASA (maji) na TANESCO (umeme) kwanza, na ubaki na maandishi. Kijiko cha kukodi nacho, andikeni kwenye mkataba nani anakikatia.

Rangi na tailizi, dhima ndogo na WCF vinatosha kwa kazi nyingi.

Kama umepewa kipande tu na mkandarasi mkubwa, usikubali "tumeshakata ya wote", omba nakala uone kama mafundi wa chini wametajwa.

Ukishalipa, hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama bima yako inasoma, maana bila premiamu kulipwa hakuna bima hata wakala awe shemeji yako. Likitokea la kutokea toa taarifa siku hiyo hiyo, piga picha kabla hujazoa kifusi, na wakikuzungusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nenda na nakala ya kila barua.