Umepigwa tochi: namna ya kuamua kama ulipe faini au uipinge

Dereva anayetoka Mwanza mjini, awe anaelekea Shinyanga kupitia Misungwi au Musoma kupitia Kisesa na Magu, hupita makazi mengi yenye vibao vya 50. Mara nyingi askari mwenye tochi, yaani chombo cha kupimia mwendo wa magari, husimama mahali pamoja, na mwenzake akakusimamisha mbele zaidi, akiwa na picha ya gari lako kwenye simu yake. Hapo ndipo wengi hukosea kwa namna mbili: wapo wanaolipa kila wanachoandikiwa ili waondoke haraka, na wapo wanaobisha kwa sababu tu wameudhika. Kinachofaa kuamuliwa ni kama kumbukumbu iliyochukuliwa inalihusu gari lako, katika mahali hapo, kwa mwendo huo, na kama askari anaweza kulithibitisha hilo mbele ya hakimu.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya makazi. Sheria hiyohiyo inamruhusu askari kukuandikia faini ya papo kwa hapo, ambayo kwa kosa la kawaida ni shilingi 30,000, badala ya kukufikisha mahakamani. Ni muhimu kuelewa kwamba kulipa faini hiyo ni kukubali kosa. Ukishalipa, umejifungia mlango wa kubisha, kwa hiyo uchunguzi wote unapaswa kufanyika kabla ya kutoa fedha.

Anza na picha. Mwambie askari kwa heshima, “Afande, naomba nione picha ya tochi,” kisha isome taratibu bila kujali kelele za abiria. Tazama namba ya gari, tarehe, saa, mwendo uliopimwa, na umbali kati ya chombo na gari. Herufi D husomeka kama B jioni au kwenye kibao cha namba chenye vumbi, na wapo wenye magari waliokuta deni la faini la mkoa ambao gari lao halijafika kabisa. Kama ndani ya picha kuna magari mawili, kwa mfano basi linalopita pikapu, angalia alama ya shabaha imekaa juu ya gari lipi. Tochi ya leza ina mwanga mwembamba unaolenga gari moja, ilhali chombo cha rada hutawanya mawimbi yake na huweza kupokea mwendo wa gari jingine lililo karibu, hasa likiwa kubwa zaidi. Picha ya namna hiyo ni sababu nzuri ya kupinga.

Zipo hoja ambazo madereva huzitegemea na hazina nguvu. Kusema kwamba askari alisimama pembeni hakukusaidii, kwa kuwa tochi inayopima kwa pembe huonyesha mwendo mdogo kuliko halisi. Kusema kwamba mshale wa dashibodi ulikuwa kwenye 50 kuna uzito kiasi, kwa sababu mita nyingi za magari huonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko halisi, lakini hoja hiyo hugeuka ikiwa umefunga matairi makubwa kuliko yale ya awali, maana hapo mita hudanganya kwa upande wa pili. Na hoja ya kwamba askari alijificha nyuma ya mti haiondoi ukweli kwamba ulikuwa unakimbia. Pale Kisesa na Magu watoto huvuka barabara wakitoka shule na akina mama huuza nyanya karibu kabisa na lami. Gari lenye mwendo wa 80 huhitaji zaidi ya mara mbili ya umbali wa breki wa gari lenye mwendo wa 50. Ikiwa unajua moyoni kwamba ulikimbia mahali kama hapo, na picha ni sahihi, lipa.

Suala la kibao linahitaji uangalifu zaidi. Vibao hung’olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, vingine hufunikwa na matawi. Ukiamini kwamba hakikuwepo, rudi siku hiyohiyo, simama upande ule uliotokea, upige picha zinazoonyesha barabara pamoja na alama inayotambulika kama vile shule, kituo cha mafuta au nguzo yenye namba. Hata hivyo usijiaminishe kupita kiasi, kwa kuwa kikomo cha makazi kimewekwa na sheria yenyewe, na hakimu anaweza kuona kwamba nyumba zilizopangana pande zote mbili zilitosha kukuonya. Hoja ya kibao ina nguvu zaidi pale ambapo nyumba ni chache na kuna mashamba matupu, au pale ambapo ulipimwa baada ya kibao cha kumaliza 50.

Dereva wa basi la masafa marefu ana ushahidi ambao wengine hawana: kumbukumbu za VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambazo huonyesha mwendo na mahali kwa kila wakati. Mwombe tajiri, yaani mwenye gari, akutolee taarifa ya saa hiyo mapema. Kama inapingana na picha, unayo kesi. Kama inalingana nayo, usipoteze muda.

Ukiamua kupinga, usibishane barabarani. Andika jina na namba ya askari, saa na mahali, kisha upeleke malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au wa mkoa, ukiambatanisha picha zako. Makosa ya namba ya gari humalizwa vizuri zaidi katika hatua hii. Jambo lisipokwisha hapo, omba shauri lipelekwe mahakamani, na shtaka likisomwa ujibu “si kweli”. Upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha bila kuacha shaka. Sheria ya Ushahidi inataka ushahidi wa mdomo utolewe na mtu aliyeona mwenyewe, kwa hiyo askari aliyekusimamisha hawezi kueleza kile alichokiona mwenzake mwenye tochi. Picha iliyotumwa kwa simu nayo ni ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaagiza mahakama ipime jinsi ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutumwa. Uliza pia chombo kilihakikiwa lini.

Kabla ya hapo piga hesabu kwa uaminifu. Hakimu hafungwi na kiwango cha 30,000, na kesi inaweza kuahirishwa. Dereva wa daladala la Buhongwa atakosa hesabu ya tajiri kila siku atakayokaa mahakamani. Kwa deni moja lenye mashaka kidogo, gharama hiyo inaweza kuzidi faini. Kwa madeni kadhaa yaliyoandikwa kwenye namba yako kimakosa, inafaa kuibeba.

Kwa vyovyote, usitoe fedha mkononi. Rushwa humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali pekee, kabla ya tarehe ya mwisho kwa kuwa deni huongezeka likichelewa, kisha uangalie kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya magari kama limefutwa, na stakabadhi uihifadhi ndani ya gari.