Jinsi ya kusoma na kuchambua riwaya za vampaya na uchawi wa mjini

Watu wa Kisumu mnaopenda hizi riwaya, kabla uandike maoni soma sura za kwanza ukinoti kitu kimoja tu, uchawi wa hapo unafanya kazi aje na unamgharimu nini anayeutumia, juu mwandishi akivunja sheria zake mwenyewe mwishoni ndio shujaa aokoke, amekudanganya na lazima useme.

Halafu angalia mji. Kama unaweza kuutoa uweke mwingine na hakuna kitu kinabadilika, basi haujafanya kazi. Rivers of London ya Ben Aaronovitch, ya 2011, inaweza hii kabisa, mto Thames una mungu wake na ni mama Mnigeria, na sisi tuliokua tukisikia hadithi ya Simbi Nyaima, kijiji cha karibu na Kendu Bay kilichozamishwa na maji baada ya kumfukuza bibi mzee, tunashika haraka sana. Andika ulinganisho kama huo, wasomaji wa huku wanauhitaji.

Mapenzi? Sentensi mbili zatosha. Usitoboe siri ya mwisho, na kama ni kitabu cha nne kwa mfululizo sema mapema, mtu atafute cha kwanza.